Nyumba ya Mtani wa Mzee

Niliingia kijijini kwa baiskeli ya serikali, na fomu arobaini kwenye mkoba na kiburi cha kututosha mimi na mwenzangu kama ningekuwa naye. Ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao watu wa upande wa Ikungi waliacha matembe yao ya zamani porini, zile nyumba za udongo zenye paa bapa, na kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa bibi maendeleo, binti wa mjini Singida, niliyezaliwa nyuma ya duka la baba yangu. Nilikuwa nimetoka mafunzoni, na cheti changu cha kutunza wagonjwa majumbani nilikuwa nimekisoma mara nyingi kuliko walionipa.

Kazi niliyotumwa ilikuwa nzuri, na mpaka leo naiona nzuri. Mkuu wangu wilayani, mtu mpole aliyependa karatasi, alisema hivi: kila mtu anazungumzia wagonjwa, lakini nani amewauliza wanaowatunza? Binti anayemlisha mama yake, mke anayemgeuza mume kitandani, hao hawalipwi na hawapumziki, basi tuwaendee tuwaulize wanahitaji nini. Akatunga fomu yenye maswali kumi na moja. Mstari wa mwisho haukuwa swali. Ulikuwa uamuzi wa kuandikwa na mimi: mgonjwa abaki nyumbani, au apelekwe makazi.

Makazi maana yake ilikuwa nyumba za wazee wasiojiweza, mwendo wa siku nzima kwa lori. Yalijengwa kwa nia njema, kwa ajili ya wasio na mtu. Lakini mzee aliyepelekwa kule, watu wake walikuwa hawamwoni tena ila kwa bahati. Kila aliyeniona nikifungua kalamu alijua mstari ule una maana gani, kwa sababu katibu wa kijiji alikuwa ameshautangaza mkutanoni kabla sijafika.

Basi nilianza kupita nyumba kwa nyumba. Maswali mengine yalinitia aibu tangu siku ya kwanza. Swali la nne liliuliza, "Unamhudumia mgonjwa kwa saa ngapi kwa siku?" Mama mmoja aliyekuwa akipepeta uwele alisimamisha ungo, akanitazama.

"Kwani yeye anaugua kwa saa?" akaniuliza.

Nikaandika: ishirini na nne. Angalau hesabu hiyo haikuwa uongo.

Siku ya tatu balozi wa nyumba kumi alinipeleka kwenye nyumba ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika haya. Njiani aliniambia habari zake. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyepigwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa na ulimi umekuwa mzito. Mke wake alishatangulia. Mtoto wake pekee alikuwa mfanyakazi wa reli kule Manyoni, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Aliyebaki na mzee ni mke wa huyo mtoto, mwanamke mwenye nguvu zake, hajafika hata miaka thelathini. Balozi akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusengenya lakini hana budi, kwamba mwanamke huyo alikuwa mtoro wa shamba la ujamaa. Wenzake wakishika majembe alfajiri, yeye anaonekana barabarani. Akifika shambani, jua limeshapanda.

Tulimkuta anasonga ugali. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akanikaribisha maji. Nyumba ilikuwa safi. Mzee alilala chumba cha mbele kwenye kitanda cha kamba, amevaa shuka safi, ananukia sabuni. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa shida lakini kwa furaha. Moyoni nikasema, huyu anatunzwa hasa.

Nikaanza maswali. Nani anampikia? Yeye. Nani anafua? Yeye. Nani anamwogesha?

"Anakuja mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Mtani wa ukoo wao. Mzee mwenzake."

"Na kumgeuza? Na haja zake?"

"Huyo huyo asubuhi. Mchana wanakuja vijana wa jirani wakitoka shamba, nikiwaita."

Sasa mimi, na cheti changu, nikaona hapa kuna jambo. Mwanamke mwenye afya yuko ndani ya nyumba, halafu anayeogesha mgonjwa ni mzee wa kuitwa kutoka mbali? Kweli nilijua habari za mkwe. Hata nyumbani kwetu mjini, mama hakupita mbele ya babu bila kujitanda. Nilijua kwamba huku mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hakanyagi anapolala, na wakiwa na neno wanaambiana kupitia mtu wa tatu. Lakini nilidhani ugonjwa unaifuta heshima hiyo, kama mvua inavyofuta nyayo. Mafunzoni mgonjwa alikuwa mgonjwa tu. Tulijifunza kwa kugeuzana sisi kwa sisi juu ya meza, tukicheka.

Nikavua saa yangu ya mkononi, nikakunja mikono ya blauzi, nikasema kwa sauti ya ualimu, "Dada, hebu njoo. Si kazi ngumu. Shika hapa begani, mimi nashika kiuno, nikuonyeshe."

Na nikamshika mkono nimvute ndani ya kile chumba.

Sikuwahi kuona mtu akitoka nyumbani kwake mbio namna ile. Alinyofoa mkono wake, akauruka mwiko wa ugali, akapita mlangoni, akaenda kusimama nyuma ya zizi na kanga usoni. Mzee naye aliuvuta mkono wake mzima, akajifunika shuka mpaka kichwani. Balozi alikuwa anatazama dari. Ugali ukaanza kuungua, na mimi ndiye niliyebaki kuusonga.

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nilikasirika. Niliona mwanamke yule ananidharau, nikaona ujinga, nikaona mgonjwa anayeponzwa na mila. Kwenye fomu, mbele ya mtunzaji, nikaandika: hatoshi. Kwenye mstari wa mwisho nikaandika: apelekwe makazi. Jioni ile nikampa katibu wa kijiji orodha yangu ya kwanza, naye akaituma mjini kesho yake alfajiri kwa gari la alizeti, kwa sababu alikuwa kijana mwepesi wa kazi. Haraka haraka haina baraka, wanasema wazee, lakini mimi wakati ule niliwasikiliza wazee pale tu walipokuwa wanajibu fomu.

Asubuhi hiyo hiyo, jua bado halijatoka, nilikuwa napanda baiskeli kwenda mwisho wa pili wa kijiji. Lazima nieleze kilivyokuwa. Katibu na wataalamu walikuwa wamepima viwanja kwa kamba na vigingi, mistari minne iliyonyooka, na kila familia ilipewa kiwanja kwa kadiri ilivyofika. Aliyefika kwanza alipata huku, aliyefika mwisho alipata kule, na katikati kulikuwa na mwendo wa karibu saa moja kwa mwenye magoti mabovu. Nilimkuta mwenye magoti hayo njiani. Alikuwa mzee mrefu aliyeinama, na fimbo. Kando yake alitembea yule mwanamke, amebeba kigoda kichwani.

Kila baada ya hatua kadhaa aliteremsha kigoda, mzee akaketi, akapumua, akamtukana.

"Mnanitembeza kama beberu wa mnada," alisema. "Huyo baba mkwe wako ni mwizi. Ameiba upande mmoja wa mwili wake mwenyewe."

Mwanamke alikuwa anacheka mpaka machozi. Sikuwahi kumwona anacheka. Aliponiona mimi akanyamaza.

Nikashuka kwenye baiskeli. Nikampa mzee shikamoo. Akaniitikia, akanitazama toka viatuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye binti wa mjini uliyetaka kumwingiza mkwe chumbani?"

"Ndiye mimi, babu."

"Pole. Umekula?"

Kwa nini nilitaka kulia, sijui. Nikashika baiskeli kwa mkono mmoja, nikatembea nao. Njia nzima aliniambia, bila kunifokea, mambo ambayo cheti changu hakikuwa nayo. Ukoo wake na ukoo wa mgonjwa ni watani tangu babu zao. Mtani hana aibu kwa mtani. Anaweza kumtukana msibani, anaweza kuchukua kuku wake bila kuomba, na mwili wa mtani ukishindwa, yeye ndiye anayeugusa mahali ambapo mtoto hagusi na mkwe hatazami. Wao wawili walijenga matembe yao kule porini ubavu kwa ubavu, mlango kwa mlango. Mzee alipopigwa na kiharusi, mtani alikuwa anatoka kwake akiwa hajamaliza kutafuna, anamwogesha, anarudi kumalizia uji.

"Halafu wakaja na kamba zao," alisema, "wakanipeleka huko. Mimi nilichelewa kufika, nilikuwa namsubiri ng'ombe azae."

Sasa ilikuwa hivi. Kila siku mwanamke yule anaamka kabla ya jogoo, anateka maji, anayaweka motoni, anavuka kijiji kizima kumchukua mtani, anamleta hatua kwa hatua na kigoda kichwani, anakaa nje akisubiri mtani amwogeshe mkwe wake, anamrudisha hatua kwa hatua, ndipo anaanza kukimbia na jembe kwenda shamba la ujamaa, ambako wanamwandika mtoro.

Nilimuuliza, "Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza njia," alisema. "Uliniuliza nani anaogesha."

Tulifika. Alibaki uani. Mimi na mtani tukaingia, naye akaniruhusu nikae kwenye kizingiti, nimegeuza uso. Sikuona, nilisikia. Nilisikia maji, na sauti nzito ya mgonjwa ikijaribu kurudisha tusi, na mtani akimwambia, "Subiri, tusi lako limeishia njiani, nitalikuta kesho." Mgonjwa akacheka mpaka akakohoa. Mgongo wake, niliouona baadaye akiwa ameketi, haukuwa na kidonda hata kimoja. Mimi nilikuwa na namba ya sura ya kitabu juu ya vidonda vya mgongo. Mtu huyu wa magoti mabovu alivizuia kwa mikono miwili na matusi.

Nilikwenda kwa katibu mbio nikachukue orodha yangu. Akanitazama kwa mshangao. Orodha ilikuwa imeshafika mjini, na pengine imeshapigwa mihuri. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyepiga teke ndoo. Niliandika barua nyingine siku hiyo, na kumpa dereva wa kwanza aliyepita, nikijua barua ya kufuta hutembea polepole kuliko ya kuamuru.

Lakini kufuta jina tu kusingetosha. Mtani angeishia njiani siku moja, magoti yakigoma kabisa, na mwaka unaofuata fomu nyingine ingekuja na bibi maendeleo mwingine. Kwa hiyo nilijaza fomu upya. Mbele ya swali la kumi na moja, "Mtunzaji anahitaji msaada gani?", nilifikiri sana. Si mafunzo, wala sabuni. Nikaandika: mtani wa mzee ahamishiwe kiwanja cha jirani.

Kiwanja kilikuwepo. Mkono wa kuume wa nyumba ya mzee palikuwa wazi kabisa, pana vigingi vinne na mbuzi. Kwenye ramani ya katibu palikuwa pameandikwa "duka la kijiji". Katibu alinikunjulia ramani hiyo mezani kama mtu anayekuonyesha mtoto wake.

"Mstari utaharibika," alisema.

"Duka liende kule kwa mtani. Mnabadilishana tu."

"Duka likae mwisho wa kijiji?"

"Watu wana miguu. Mtani ndiye hana."

Hakupenda. Sikumlaumu sana, alikuwa ameagizwa mistari, naye aliitoa iliyonyooka. Akasema jambo hilo liamuliwe na mkutano wa kijiji. Nadhani alitegemea lifie huko.

Mkutano ulifanyika Jumamosi. Nilieleza, nikachanganya Kiswahili changu cha dukani na Kinyaturu cha jikoni, watu wakacheka pale nisipotaka wacheke. Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama mtunzaji mwenyewe ana neno. Mwanamke yule alisimama, akatazama chini, akasema, "Nataka niwahi shamba," akaketi. Hayo tu.

Kisha mtani akanyanyuka kwa fimbo yake. Alisema hana haja ya kuhamia karibu na mgonjwa, kwani mgonjwa mwenyewe anakoroma, ananuka, na deni lake la beberu tangu ujanani hajalipa. Lakini akifa bila kumtukana kila siku, nani atajua alikuwa nani? Kwa hiyo wamjengee hapo, na duka walipeleke wanakotaka, maana yeye hajawahi kuona chumvi inayoshindwa kutembea. Watu walicheka kwa dakika nzima. Mikono ilipohesabiwa, hata katibu alinyanyua wake, nusu.

Ujenzi uliwekwa siku ya kazi ya pamoja. Wanaume wa mstari wetu walileta nguzo na mapao, wanawake walikanyaga udongo, na mimi nilikanyaga nao, blauzi iliyopigwa pasi ikaishia hapo. Sijui kama nimewahi kuwa na siku nyingine ya kazi niliyoifurahia hivyo. Tuliimba, tukachokozana, tukala ugali wa uwele na mlenda kwenye masinia yaliyopangwa kivulini mwa ukuta mpya. Mtani aliketi kwenye kigoda akisimamia, yaani akitukosoa. Mgonjwa alitolewa na vijana wa jirani, akawekwa mlangoni kwake, apate kuona. Kutoka mlango wake mpaka mlango mpya nilihesabu hatua kumi na saba, na hizo ni hatua zangu fupi.

Tulikuwa tunamwaga udongo darini lori lilipoingia.

Nililijua kabla halijasimama. Lilikuwa la wilaya, na nyuma liliwekewa benchi na magodoro mawili. Dereva akashuka na karatasi. Aliuliza kwa heshima, akapewa maji, akasoma jina la mzee kwa sauti. Ilikuwa orodha yangu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kila mtu alisema hivyo.

Nyimbo zilikatika. Nikateremka ukutani, tope mpaka magotini, nikamwambia dereva kwamba mimi ndiye niliyeandika na mimi ndiye ninayefuta. Akasema yeye si mtu wa kuandika wala kufuta, ametumwa kuchukua watu watatu, na mmoja ni huyu, na njia ni ndefu. Nikamwonyesha nyumba. Nikamweleza habari za mtani. Sikuwa nimewahi kuogopa kiasi hicho kwa jambo lisilonihusu mimi.

Mtani, kwenye kigoda chake, akapaza sauti.

"Mchukue! Dereva, mbebe huyo! Amenichosha miaka sitini. Na ukifika mbali umtupe."

Kijiji kizima kikaangua kicheko, na dereva naye akacheka, maana hata yeye alikuwa na watani wake kwao. Mgonjwa alicheka kwa nusu ya mdomo wake. Dereva akatoa kalamu mfukoni, akanipa. Nikaegemeza karatasi kwenye bodi ya lori, nikafuta jina, nikatia saini, nikaandika sababu: ana watu.

Katika kicheko kile mtu mmoja hakucheka. Mwanamke yule alikuwa ametoka kwenye shimo la udongo tangu jina liliposomwa. Alikuwa amepita mbele ya baba mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, akasimama kati yake na lori. Alikuwa amempa mgongo, kwa heshima, macho yake yako kwa dereva, na mikono yake yenye tope ameiacha wazi ubavuni. Utani aliusikia, anaujua kuliko mimi. Hakuondoka. Lori likawashwa, likageuka, likapita vigingi vya mstari wa pili, vumbi likatua, naye bado amesimama.

Mzee akatafuta ulimi wake. Alitazama pembeni, upande wa mtani, kama ilivyopasa.

"Mwambie mwanangu," alisema, polepole, kila neno likija peke yake, "mwambie akae. Nipo."

Mtani safari hii hakuwa na tusi. Alimfikishia maneno hayo kama yalivyo, na yule mwanamke akaketi chini, pale pale mbele ya baba mkwe wake, akalia kwa sauti.